Wasparta na Wathebe: Nani Alibaki Shambani?

Jamaa wanaonitembelea hapa Athens, mtaani Kypseli, karibu wote wameshaiona ile filamu ya mashujaa 300, na wakishapumzika uchovu wa safari huniomba niwapeleke kwa Wasparta. Mimi huanza na Thebes, kilomita zipatazo 90 kaskazini magharibi, wakawaone kwanza watu waliowashinda hao Wasparta. Katika makumbusho ya Thebes kuna mawe meusi ya makaburi ya karne ya 5 KK, na majina ya wenyewe yamechongwa juu: Mnason, Rhynchon, Saugenes. Kila mmoja amechorwa kwa mistari myembamba, yuko mbioni kumvamia adui: kofia ya shaba iliyochongoka, vazi fupi jepesi, ngao ya duara mkononi. Mgeni hutazama, kisha husema, "Kumbe ndio hawa Wasparta."

Kwa macho tu, kweli ni vigumu kuwatenganisha. Wote walikuwa mahoplita, askari wa miguu waliosimama safuni, kila mmoja na mkuki unaozidi mita mbili na ngao ya mbao yenye upana wa karibu mita moja. Kofia zile zilizochongoka Wasparta nao walizivaa. Walijulikana kwa mavazi mekundu na nywele ndefu, na ngao zao zilichorwa herufi ya kwanza ya nchi yao, Lakedaimon. Wathebe walichora rungu la Herakles, shujaa anayesemekana kuzaliwa kwao. Lakini alama hizo zilihama. Xenophon, mwanajeshi wa Athens aliyeishi miaka mingi chini ya hifadhi ya Wasparta, anasimulia kwamba kabla ya vita vya Mantinea, mwaka 362 KK, askari wa Arkadia walijichorea marungu kana kwamba nao ni Wathebe.

Ndiyo maana mimi huwapa wageni wangu swali moja tu la kuwatambulishia askari hao: huyu askari akiwa vitani, shambani kwake amebaki nani?

Tuanze na Msparta. Mtoto wa kiume alitolewa nyumbani akiwa na umri wa miaka 7, akalelewa na dola kwa njaa, viboko na mazoezi. Akikua, alikula kila jioni kwenye kundi lake la wanaume, na kila mmoja alipaswa kuleta kiasi chake cha unga wa shayiri, divai, jibini na tini. Aliyeshindwa kuleta alipoteza haki zake za uraia. Chakula hicho hakukilima yeye. Kililimwa na Waheloti, watwana wa Lakonia, nchi ya Sparta yenyewe, na wa Messenia, nchi jirani ambayo Wasparta waliiteka tangu karne ya 8 KK. Mheloti alikuwa mtwana juu ya ardhi ya baba zake mwenyewe. Kila mwaka wakuu wa Sparta waliwatangazia Waheloti vita rasmi, ili kumuua mmoja wao kusihesabiwe kuwa ni dhambi. Mwanahistoria Herodotus anasema kwamba kwenye vita vya Plataea, mwaka 479 KK, Wasparta 5,000 walikwenda na Waheloti 35,000, saba kwa kila raia mmoja.

Habari inayoniumiza kuliko zote katika historia ya Sparta imo katika kitabu cha mwanahistoria Thucydides. Wasparta waliwatangazia Waheloti kwamba waliojiona wamewatumikia vizuri zaidi vitani wajitokeze, wapewe uhuru. Wakachaguliwa kama 2,000, wakavishwa mashada ya maua, wakazunguka mahekalu kwa furaha. Muda si mrefu wakatoweka wote, na hakuna aliyejua kila mmoja aliuawaje. Wale wenye uthubutu wa kujitokeza ndio walioogopwa. Sifa zote za nidhamu ya Sparta zisomwe pamoja na ukurasa huo.

Mthebe alikuwa mtu mwingine. Boeotia, eneo lilipo Thebes, ni bonde lenye rutuba, na hoplita wake wa kawaida alikuwa mkulima mwenye shamba lake, anayeitwa vita vikija na kurudi nyumbani vikiisha. Kikosi cha kudumu kilikuwa kimoja, Kikosi Kitakatifu cha watu 300, kilichokaa ngomeni kwa gharama ya mji. Mwandishi Plutarch, mwenyeji wa Boeotia hiyo hiyo, anaeleza kwamba walipangwa wawili wawili, wanaume waliopendana, ili asiwepo wa kumwacha mwenziwe. Sisemi kwamba Wathebe walikuwa malaika. Walikuwa na watumwa, waliwaonea majirani zao wa Plataea, na Waajemi walipovamia Ugiriki waliishia upande wa Waajemi. Lakini mji wao haukujengwa juu ya taifa zima lililofungwa nira.

Mwaka 382 KK Wasparta waliiteka ngome ya Thebes wakati wa amani, bila hata kutangaza vita. Wathebe waliikomboa miaka mitatu baadaye. Kisha vikaja vita vya Leuktra, mwaka 371 KK. Wasparta walijipanga kwa kina cha safu 12 na mfalme wao Kleombrotos akakaa upande wa kulia, palipo pa heshima. Epaminondas, kamanda wa Wathebe, akarundika watu wake upande wa kushoto kwa kina cha safu 50, akamlenga mfalme moja kwa moja, huku Pelopidas, kiongozi wa Kikosi Kitakatifu, akikimbia mbele na wale 300. Kleombrotos aliuawa. Kati ya raia 700 wa Sparta waliokuwapo, walikufa kama 400.

Habari ilifika Sparta sikukuu ikiendelea, wanaume wakicheza ngoma. Wakuu hawakusimamisha ngoma. Waliwapelekea jamaa majina ya marehemu na kuwaamuru wanawake wasipige kelele, wavumilie kimya. Kesho yake waliofiwa walionekana barabarani wakiwa na nyuso za furaha, na wale ambao ndugu zao walinusurika ndio walioinamisha vichwa. Xenophon anayasimulia haya kwa heshima kubwa. Mimi namfikiria yule mama aliyeambiwa mwanawe yu hai na akalazimika kuona haya.

Watu 400 si wengi kwa mji mkubwa. Kwa Sparta walikuwa pigo lisilopona, kwa kuwa raia kamili, waliokuwa kama 8,000 wakati wa vita vya Thermopylae, vile vya kwenye filamu, walikuwa wameshapungua mno. Majira ya baridi yaliyofuata Epaminondas aliingia Lakonia yenyewe, na wanawake wa Sparta, mji usio na kuta, wakauona kwa mara ya kwanza moshi wa moto wa adui. Mji hakuuteka. Alivuka hadi Messenia, akawatangaza watwana kuwa huru, na mwaka 369 KK mji wa Messene ukaanza kujengwa. Kuta zake zina mzunguko wa kilomita zipatazo 9, na sehemu kubwa bado imesimama. Ukipita lango lake la kaskazini unaona mawe makubwa yaliyochongwa yakakaa sawasawa bila chokaa, kazi ya watu waliodhamiria kutorudi utumwani. Sparta ilipoteza karibu nusu ya mashamba yake, na mazoezi yote ya toka umri wa miaka 7 hayakuyarudisha.

Wathebe nao hawakudumu. Kikosi Kitakatifu kiliangamia kwenye vita vya Khaironeia mwaka 338 KK mbele ya Wamakedonia, na miaka mitatu baadaye mfalme wao Alexander aliubomoa mji wa Thebes na kuwauza wakazi wake. Mji uliobomolewa hauachi wasimulizi wengi, na msimulizi mkuu wa zama zile ndiye Xenophon, ambaye katika maelezo yake ya Leuktra hakumtaja Epaminondas hata mara moja. Anamsifu baadaye sana, kwenye vita vya Mantinea, alipouawa Epaminondas mwenyewe. Siku hizo hizo aliuawa pia Gryllos, mwana wa Xenophon, akipigana dhidi ya Wathebe katika kikosi cha farasi cha Athens. Waathens walitengeneza mchoro wa vita hivyo wakauweka sokoni kwao, na ndani yake anayemchoma Epaminondas ni Gryllos.