Watoto wa Kichina katika Nyumba za Wamarekani

Wasikilizaji, desturi ya kumtoa mtoto nyumbani akakae kwa watu wengine ili asome si ngeni kwetu. Tangu zamani wazee wa pwani waliwapeleka wana wao wakae kwa mwalimu wa chuoni, na wa bara wakawaweka kwa mjomba au shangazi aliye karibu na shule. Mtoto hula chakula cha nyumba ile, hutumwa maji na kuni, na akirudi kwao watu hutambua mara moja ni nani waliomlea. Leo nataka kuwasimulia habari ya Serikali ya China, iliyofanya jambo hilo kwa watoto 120.

Mwanzo wake ni mtu mmoja, Yung Wing. Mwaka 1847 mwalimu wake, Bwana Samuel Brown, alimchukua pamoja na wenziwe wawili mpaka Marekani, katika mji mdogo wa Monson, na mama yake Bwana Brown akawatunza. Yung Wing alimaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1854, Mchina wa kwanza kupata shahada katika nchi ile. Aliporudi kwao alikuwa na shauri moja tu moyoni: vijana wengine wapate alichokipata yeye. Alingoja miaka mingi hata wakubwa wakakubali.

Basi tangu mwaka 1872 hata 1875, kila mwaka vijana 30 walivuka bahari. Wengi wao walikuwa na umri wa miaka kumi na kitu tu. Wazazi walitia sahihi ya kuwatoa watoto wao kwa muda wa miaka 15, nao walijua ya kuwa huenda wengine wasionane nao tena.

Vijana hawakuwekwa wote katika bweni moja. Waligawanywa, aghalabu wawili wawili, katika nyumba za watu wa Connecticut na Massachusetts, ili wajifunze lugha mezani na shambani kabla ya kuingia shule. Makao makuu yalikuwa katika mji wa Hartford, na huko waliitwa kwa zamu kusoma Kichina na mafundisho ya Confucius, wasije wakasahau kwao.

Mwanzoni walivaa kanzu zao ndefu, na nywele zimesukwa msuko mmoja mgongoni. Watoto wa mitaani waliwacheka. Baada ya muda kanzu zikawekwa kando, na msuko ukafichwa wakati wa kucheza mpira. Jumapili wengi walikwenda kanisani pamoja na wenyeji wao. Bibi wa nyumba aliwauguza walipougua, akawakemea walipokosa, nao wakampenda kama mama.

Hapo ndipo fitina ilipozaliwa. Wakuu waliotumwa kuwaangalia waliandika kwamba vijana hawa hawana adabu tena, wameacha miungu ya baba zao, nao hawatafaa kitu. Tena Serikali ya Marekani ilikataa kuwapokea katika vyuo vyake vya vita, na hilo lilikuwa tumaini kubwa la China. Wamarekani mashuhuri, akiwamo Mark Twain, walijaribu kuwaombea, wasifaulu. Mwaka 1881 ikaja amri: wote warudi. Wawili tu ndio waliokuwa wamemaliza masomo ya Yale.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini ngamani kwao hapakuwa na nafasi. Walipofika Shanghai walifungiwa katika nyumba mbovu yenye walinzi, kama watu waliokosa. Mmoja wao, Huang Kaijia, alimwandikia Bibi Bartlett wa Hartford barua ya huzuni kueleza walivyopokewa. Kisha waligawiwa kazi bila kutazamwa sana walichosoma. Zhan Tianyou, aliyelelewa katika nyumba ya Bwana na Bibi Northrop na kusomea uhandisi, alipelekwa kwenye chuo cha wanamaji.

Je, wazee wale walikosa kuogopa? Mimi siwalaumu upesi. Mzazi amtoaye mtoto hutaka arudi na elimu, wala hataki arudi mgeni. Lakini walitaka vijana walete elimu ya mizinga na merikebu, na mengine yote wayaache bandarini. Jambo hilo haliwezekani, kwa maana nyumba hufundisha mchana na usiku, na shule ni saa chache tu.

Wala hawakuwa wamewapoteza wana wao. Wengine walikufa wakiipigania China katika vita vya majini na Wafaransa, mwaka 1884. Tang Shaoyi akawa waziri mkuu wa kwanza wa Jamhuri mwaka 1912. Naye Zhan Tianyou, baada ya kungoja miaka, alijenga reli ya kutoka Beijing mpaka Zhangjiakou, kati ya mwaka 1905 na 1909, kupita milima mikali, bila mhandisi wa kigeni. Kumpenda mama wa pili hakukumwondolea mtu upendo wa mama wa kwanza.

Basi ninyi mnaotaka kupeleka vijana mbali, fikirini siku ya kwenda, na siku ya kurudi vilevile. Wageni wa Hartford waliwafungulia watoto milango. Waliowafungia ni watu wa kwao.