Kwa nini taa ya pikipiki ya zamani inafifia penye matope

Usiku kwenye barabara zetu za Kivu mtu anatambua pikipiki ya zamani kabla haijamfikia. Motari akiongeza mwendo, taa inawaka vizuri. Akifika penye matope na kupunguza, inafifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Na ni pale penye matope anapohitaji kuona, zaidi akiwa amebeba mama mjamzito kwenda maternite. Abiria wanasema bateri imekufa. Mara nyingi bateri haina kosa: pikipiki ilizaliwa hivyo.

Pikipiki za kwanza kabisa hazikuwa na umeme wa taa. Mwanzoni mwa karne ya 20 waendeshaji wa Ulaya walitumia taa za kabaidi: maji yanadondokea kabaidi, gesi inatoka, unaiwasha kwa kiberiti. Umeme ulikuwa wa cheche ya buji tu, kutoka kwenye magneto. Bosch wa Ujerumani walitoa magneto yao ya volti za juu mwaka 1902. Ikafuata dinamo ya volti 6. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja alternateri, yaani sumaku inayozunguka na injini kando ya bobini zilizotulia. Triumph wa Uingereza waliitia kwenye Speed Twin ya mwaka 1953.

Shida yetu inaanzia hapo. Alternateri inatoa umeme unaokwenda na kurudi, lakini bateri inataka umeme wa upande mmoja. Kwenye pikipiki ndogo watengenezaji walitafuta njia ya bei rahisi. Ncha moja ya bobini waliifunga kwenye chuma cha injini, ile mafundi wanayoita masi. Diodi moja ikapitisha nusu ya umeme kwenda kwenye bateri. Nusu ya pili haifiki huko. Taa kubwa wakailisha moja kwa moja kutoka kwenye bobini. Injini ikizunguka polepole, taa nayo inalala.

Honda CG125 ya mwaka 1976 ilifikiriwa kwa ajili ya nchi kama yetu: injini rahisi, isiyotaka matunzo mengi. Umeme wake wa kwanza ulikuwa wa volti 6. Kwa volti 6, taa ya wati 36 inakula ampea 6; kwa volti 12 inakula 3, na waya uleule unapoteza robo tu ya kile ulichokuwa unapoteza. Pikipiki zikahamia volti 12. Viwanda vya China vikaiga injini hiyo, ndiyo maana mafundi wetu wengi wanaifungua hata gizani.

Sasa fundi anafanya nini? Anatoa kifuniko cha volani, anatafuta ile ncha ya masi, anaikata, anaichomea waya wake na kuutoa nje. Bobini ya cheche haigusi. Ncha mbili zikiwa huru, zinaingia kwenye regulateri yenye diodi nne, na umeme wote, wa kwenda na wa kurudi, unafika kwenye bateri. Halafu anahamisha waya wa taa: unatoka kwenye bateri, unapitia fiyuzi na kontakti. Kama pikipiki ilikuwa ya volti 6, ampuli, honi na bateri vinabadilishwa siku hiyohiyo.

Wengine wananunua regulateri hiyo na kuifunga bila kukata masi. Umeme unarudi kwenye chuma kwa njia fupi, regulateri inaungua, wanalaumu Wachina. Hapo mimi niko upande wa Wachina.

Lakini sumaku inabaki ileile. Motari anayeongeza taa tatu za LED, redio na chaja za simu anakula kuliko kinachozalishwa, na asubuhi atasukuma. Kabla ya kulipa, mwambie fundi aweke kipimo kwenye bateri, injini ikiwa na mwendo na taa zikiwaka. Kwenye umeme wa volti 12 kipimo kinapaswa kuonyesha karibu 14. Kikibaki kwenye 12, kifuniko kifunguliwe tena.