Endecja: Harakati ya Utaifa Iliyoacha Alama katika Polandi ya Karne ya 20

Endecja ni jina la mkato la Demokrasia ya Kitaifa, harakati ya kisiasa iliyozaliwa Polandi mwishoni mwa karne ya 19 na kudumu kama nguvu kubwa ya mrengo wa kulia hadi Vita vya Pili vya Dunia. Jina hilo limetokana na matamshi ya herufi za kwanza za jina lake rasmi, N na D. Kiongozi na mwanafikra wake mkuu alikuwa Roman Dmowski (1864–1939). Kwa miaka arobaini hivi harakati hii ilipingana na kambi ya Józef Piłsudski, mpinzani wake mkuu aliyekuja kushika madaraka mwaka 1918, juu ya mambo mawili: nani ahesabiwe kuwa Mpolandi, na adui gani wa kuogopwa zaidi kati ya Ujerumani na Urusi.

Chimbuko

Kati ya mwaka 1772 na 1795, Urusi, Prusia na Austria ziligawana ardhi ya Polandi mara tatu hadi dola hiyo ikafutika kwenye ramani. Maasi makubwa ya mwaka 1830 na 1863 dhidi ya Urusi yalizimwa kwa nguvu. Baada ya hapo lugha ya Kipolandi ikaondolewa shuleni na maofisini katika eneo la Urusi, na huko Prusia serikali ya Bismarck ikaunda tume mwaka 1886 ya kununua ardhi za Wapolandi na kuwapa walowezi wa Kijerumani. Wasomi wengi wa wakati huo waliona busara ni kuacha silaha na kujenga uchumi na elimu. Kizazi kilichozaliwa baada ya 1863 kilikubali kwamba kujenga ni lazima, lakini hakikukubali kwamba siasa ingoje.

Mwaka 1887 Zygmunt Miłkowski, mwandishi wa riwaya na mpiganaji wa zamani, aliunda Liga Polska uhamishoni Uswisi. Mwaka huohuo Zygmunt Balicki alianzisha Zet, umoja wa siri wa wanafunzi. Mwaka 1893 Dmowski na wenzake waliigeuza Liga Polska kuwa Liga Narodowa, yaani Umoja wa Kitaifa, na kuhamishia uongozi wake Warsaw. Umoja huo ulifanya kazi kwa siri. Chini yake, mwaka 1897, kikaundwa chama cha Demokrasia ya Kitaifa.

Kwa kuwa Lwów na Kraków zilikuwa chini ya Austria, ambako udhibiti wa magazeti ulikuwa mwepesi zaidi, harakati iliweka huko vyombo vyake vya habari. Jarida la Przegląd Wszechpolski lilianza kutoka Lwów mwaka 1895 kwa ajili ya wasomi. Gazeti la Polak, lililoanza Kraków mwaka uliofuata, liliandikiwa wakulima na kupenyezwa kwa magendo hadi vijiji vya eneo la Urusi. Wanaharakati waliendesha pia madarasa ya siri ya kusoma na kuandika. Jan Ludwik Popławski, mwanahabari aliyekuwa nguzo ya tatu pamoja na Dmowski na Balicki, alishikilia kwamba mkulima ndiye msingi wa taifa, na kwamba Polandi haiwezi kusimama bila ardhi za magharibi na njia ya kufika Bahari ya Baltiki.

Itikadi

Dmowski alisomea biolojia katika Chuo Kikuu cha Warsaw, na fikra zake zilibeba alama za nadharia ya mapambano ya viumbe. Katika kitabu chake cha mwaka 1903, Myśli nowoczesnego Polaka, alieleza taifa kama kiumbe hai kinachoshindana na mataifa mengine ili kisitoweke. Aliwalaumu makabaila wa zamani kwa uvivu na huruma isiyo na faida, na akataka Wapolandi wajifunze nidhamu, kazi na umoja. Balicki naye, mwaka mmoja kabla, alikuwa ameandika kutetea ubinafsi wa taifa kuwa jambo la kimaadili.

Upande wa pili wa mafundisho hayo ulikuwa ubaguzi. Wayahudi, waliokuwa sehemu kubwa ya wafanyabiashara na mafundi wa mijini, walionyeshwa kama watu waliokalia nafasi ya tabaka la kati la Wapolandi na wasioweza kumezwa na taifa. Chuki hiyo haikubaki pembeni mwa itikadi, bali iligeuka kuwa moja ya nguzo zake.

Katika siasa za nje, Dmowski aliiona Ujerumani kuwa hatari kubwa zaidi. Hoja yake ilikuwa kwamba Wajerumani walikuwa na viwanda, shule na utaratibu wa kuweza kuwameza Wapolandi, ilhali Urusi, pamoja na ukatili wake, haikuwa na uwezo huo. Piłsudski aliona kinyume chake. Mwaka 1904, wakati wa vita vya Urusi na Japani, wote wawili walifika Tokyo: Piłsudski akiomba msaada wa kuanzisha uasi, Dmowski akiwashauri Wajapani wasiukubali mpango huo.

Kutoka Duma hadi Versailles

Mapinduzi ya mwaka 1905 yalifungua mlango wa siasa za wazi katika milki ya Urusi. Endecja ilipigana na wasoshalisti katika mitaa ya viwanda, hasa Łódź, kisha ikashinda viti vingi vya Wapolandi katika Duma, bunge jipya la Urusi. Dmowski aliongoza wabunge hao kuanzia 1907 hadi 1909 akitarajia kwamba ushirikiano na Urusi ungeleta mamlaka ya ndani. Haukuleta kitu, na vijana wengi wakajitoa kwa hasira. Mwaka 1912 Dmowski alishindwa uchaguzi wa Duma mjini Warsaw na mgombea msoshalisti aliyeungwa mkono na wapiga kura Wayahudi. Endecja ilijibu kwa kutangaza kampeni ya kususia maduka ya Wayahudi.

Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyoipa harakati hii mafanikio yake makubwa. Mwaka 1917 Dmowski aliunda Kamati ya Kitaifa ya Polandi mjini Lausanne, ambayo ilihamia Paris na kutambuliwa na nchi washirika. Jeshi la Kipolandi lililoundwa Ufaransa, ambalo baadaye liliongozwa na Jenerali Józef Haller, liliwekwa chini ya usimamizi wake wa kisiasa. Piłsudski alishika madaraka Warsaw mnamo Novemba 1918, na Januari iliyofuata pande mbili zikafikia mwafaka: mpiga piano mashuhuri Ignacy Paderewski awe waziri mkuu, na Kamati iiwakilishe nchi kwenye mkutano wa amani. Tarehe 28 Juni 1919 Dmowski na Paderewski walitia saini Mkataba wa Versailles. Polandi ilipata sehemu kubwa ya jimbo la Poznań na ukanda wa kufika Baltiki, ingawa Gdańsk ilifanywa mji huru.

Miaka ya Jamhuri

Kuhusu mashariki, Piłsudski alitaka shirikisho la mataifa kati ya Polandi na Urusi. Endecja ilitaka kutwaa tu maeneo ambayo wakazi wake wangeweza kugeuzwa Wapolandi. Mkataba wa Riga wa mwaka 1921, uliomaliza vita vya Polandi na Urusi ya Kisovieti na ambao Stanisław Grabski wa Endecja alichangia sana kuujadili, ulifuata zaidi njia ya pili, na Polandi ikaiacha Minsk. Hata hivyo karibu theluthi moja ya raia wa jamhuri mpya walikuwa Waukraine, Wayahudi, Wabelarusi na Wajerumani.

Tarehe 9 Desemba 1922 Gabriel Narutowicz alichaguliwa kuwa rais wa kwanza kwa kura za mrengo wa kushoto, wakulima na wabunge wa jamii za wachache. Magazeti ya mrengo wa kulia yalimkejeli kuwa rais wa Wayahudi, na maandamano yakazuka. Wiki moja baadaye aliuawa kwa risasi na mchoraji Eligiusz Niewiadomski, mfuasi wa fikra za utaifa. Mwaka 1923 Endecja iliingia serikalini pamoja na chama cha wakulima cha Wincenty Witos, na Dmowski akawa waziri wa mambo ya nje kwa wiki chache tu. Mwaka 1924 Grabski alisimamia sheria iliyogeuza shule nyingi za Kiukraine kuwa za lugha mbili.

Mapinduzi ya Piłsudski ya Mei 1926 yaliifungia Endecja njia ya madaraka. Mnamo Desemba Dmowski alianzisha Kambi ya Polandi Kuu, iliyowavutia vijana na kuiga mambo mengi ya ufashisti wa Italia. Mwaka 1927 aliandika kwamba Ukatoliki ni kiini cha Upolandi, msimamo ambao waasisi wa harakati hawakuwa nao. Kambi hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1933. Mwaka uliofuata vijana wenye msimamo mkali zaidi waliunda ONR, yaani Kambi ya Kitaifa ya Msimamo Mkali, ambayo nayo ilifungiwa ndani ya miezi michache. Vyuoni, wanafunzi wa Kiyahudi walipigwa na kulazimishwa kukaa kwenye viti vya peke yao, utaratibu ambao serikali iliuruhusu mwaka 1937. Dmowski alifariki tarehe 2 Januari 1939.

Vita na baada yake

Wajerumani walipoivamia Polandi, Chama cha Kitaifa, chama cha Endecja cha wakati huo, kilikuwa miongoni mwa vyama vinne vikuu vilivyobeba dola ya siri ya upinzani. Wapiganaji wake waligawanyika: wengine walijiunga na Jeshi la Nyumbani, jeshi kuu la upinzani, wengine wakaunda NSZ, yaani Majeshi ya Kitaifa, mwaka 1942, kikosi kilichopigana na Wajerumani na pia wakomunisti. Jan Mosdorf, kiongozi wa kwanza wa ONR, aliuawa Auschwitz mwaka 1943 baada ya kuwasaidia wafungwa Wayahudi kambini. Baada ya vita wakomunisti waliwafunga na kuwaua wengi wa wanaharakati hao. Bolesław Piasecki, aliyeongoza tawi kali la ONR lililoitwa Falanga, alichagua kushirikiana na utawala mpya na kuongoza shirika la Kikatoliki la PAX.

Mwaka 1989, ukomunisti ulipoanguka, mwanasiasa wa mrengo wa kulia Roman Giertych alifufua Vijana wa Polandi Yote, jumuiya ya vijana ya zamani ya harakati. Chama chake, Umoja wa Familia za Polandi, kilipata viti 38 bungeni mwaka 2001 na kuingia serikalini mwaka 2006, lakini kilianguka mwaka uliofuata. Harakati ya Kitaifa, iliyotangazwa mwaka 2012, sasa ni sehemu ya Konfederacja, muungano uliopata viti 18 mwaka 2023.

Endecja haikutawala Polandi kwa muda mrefu wakati wowote. Hata hivyo nchi iliyoibuka mwaka 1945, yenye mipaka iliyosogezwa magharibi na wakazi karibu wote Wapolandi, ilifanana na ile iliyoihubiri. Si Endecja iliyoileta nchi hiyo, bali mauaji ya Wayahudi wa Polandi wapatao milioni tatu yaliyofanywa na Wanazi, uhamishaji wa nguvu wa mamilioni ya watu, na maamuzi ya Stalin na washirika wake.