Filamu Zisizoorodheshwa: Chimbuko la Michezo ya Mezani ya Upanga na Uchawi, 1940–1985

Ikisiri

Mwaka 1979 Gary Gygax, mmoja wa waasisi wa mchezo wa Dungeons & Dragons, alichapisha orodha ya vitabu vilivyomwathiri. Filamu alizitaja kwa ujumla tu, bila kutoa jina hata la moja. Tangu hapo mjadala wa chimbuko la mchezo huo umezoea kuanzia kwenye orodha hiyo. Makala haya yanatumia mbinu za uhakiki wa matini kuonyesha kwamba filamu ziliacha alama ndani ya kanuni zenyewe za mchezo, na yanauliza kwa nini chanzo chenye nguvu kiasi hicho kilibaki bila kuandikwa. Swali hilo linagusa moja kwa moja kumbukumbu za filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili na lugha jirani.

1.0 Utangulizi

Mwanzoni mwa mwaka 1974, kampuni ndogo ya Tactical Studies Rules ya mji wa Lake Geneva, jimboni Wisconsin, Marekani, ilitoa vijitabu vitatu ndani ya kasha moja. Toleo la kwanza lilikuwa la nakala 1,000. Waandishi walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson, na mchezo uliitwa Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi kuizunguka meza. Mmoja wao, ambaye vijitabu vya awali vilimwita mwamuzi, huwaeleza wenzake mahali walipo na wanachokiona. Kila mmoja wa waliosalia husema na kutenda kwa niaba ya mhusika wake. Na penye shaka, dadu hutupwa. Hakuna lazima ya ubao wala hakuna mshindi. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi utanzu huu si mgeni sana: una fanani na una hadhira, ila hapa hadhira imeruhusiwa kumkata fanani kauli na kuubadili mwisho wa hadithi.

Maudhui yake yalitokana na aina ya hadithi ambayo mwandishi Fritz Leiber aliipa jina mwaka 1961, akiitikia wito wa mwenzake Michael Moorcock: hadithi za upanga na uchawi. Mifano ya awali ni visa vya Conan vilivyotungwa na Robert E. Howard na kuanza kuchapishwa mwaka 1932. Shujaa wa hadithi hizo haokoi dunia. Hutafuta dhahabu, hupigania uhai wake, na humwogopa mchawi kwa sababu uchawi humdhuru hata anayeutumia.

2.0 Orodha ya mwaka 1979

Katika kitabu cha mwongozo wa waamuzi cha mwaka 1979, Gygax aliweka kiambatisho kilichopewa herufi N. Humo aliorodhesha waandishi wapatao ishirini na wanane pamoja na baadhi ya vitabu vyao, na miongoni mwao akawateua wachache kuwa waliomwathiri zaidi: Howard, Leiber, Jack Vance, H. P. Lovecraft, A. Merritt, na wenzi L. Sprague de Camp na Fletcher Pratt.

Aya inayotangulia orodha hiyo haisomwi kwa makini inayostahili. Gygax anaanza kwa kumkumbuka baba yake aliyemsimulia hadithi za wazee wenye majoho, pete za ajabu na panga zenye nguvu za uchawi. Anaendelea na vitabu vya katuni, kisha anakiri kwamba filamu za sayansi ya kubuni, za maajabu na za kutisha zilikuwa na athari kubwa kwake. Baada ya hapo ndipo huja vitabu, mwandishi mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio wa alfabeti. Simulizi ya mdomo, picha na filamu vimepewa shukrani za jumla. Maandishi ndiyo yaliyopewa majina. Sidhani kwamba alikusudia kuficha jambo. Alifuata mazoea ambayo nasi wanataaluma tunayajua vizuri, kwamba marejeleo ni kitu chenye mwandishi, jina na mchapishaji.

Hata hivyo, ukiisoma orodha hiyo sambamba na kanuni za mwaka 1974, unakuta pengo. Kanuni zina majini, maafriti, ndege mkubwa rukh na zulia linaloruka, lakini orodha haina Alfu Lela Ulela. Kanuni zina wanyonyadamu na kasisi anayewafukuza, lakini orodha haimtaji Bram Stoker, mtunzi wa Dracula. Vyote hivyo vingeweza kumfikia Mmarekani wa kizazi hicho kwa njia nyingi. Swali ni kama tunaweza kuitambua njia iliyotumika.

3.0 Alama ndani ya kanuni

Wahakiki wa miswada wana kanuni ya zamani: nakala mbili zikikubaliana katika jambo sahihi, hatujajua lolote kuhusu uhusiano wao, zikikubaliana katika mageuzi ambayo chanzo hakikuwa nayo, basi huenda zina undugu. Kanuni hiyo inatufaa hapa. Tusitafute kile ambacho mchezo unashiriki na vitabu na filamu kwa pamoja. Tutafute kile ambacho filamu ilikibadili, kisha tuone kama mchezo ulirithi badiliko hilo.

Mfano ulio imara kuliko yote ni kasisi. Kabla ya mwaka 1974 Arneson alikuwa akiendesha mchezo wake wa Blackmoor huko Minnesota. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba wazo lilimjia baada ya mwisho wa juma alioutumia kutazama filamu zipatazo tano za mazimwi kwenye televisheni, huku akisoma visa vya Conan na kutafuna bisi. Mchezaji mmoja katika kundi lake aligeuka mnyonyadamu akawa na nguvu zilizowashinda wenzake wote. Ili mizani irudi, akaundwa mhusika mwindaji, naye alifuata mfano wa Van Helsing kama alivyoigizwa na Peter Cushing katika filamu za kampuni ya Hammer ya Uingereza.

Tofauti kati ya kitabu na filamu hapa ni ya kuzingatiwa. Van Helsing wa riwaya ya mwaka 1897 ni daktari mzee, msomi mwenye maneno mengi. Van Helsing wa Cushing katika Dracula ya mwaka 1958 ni mtu wa vitendo: hukimbia juu ya meza, hurukia pazia na kulishusha ili jua liingie, kisha hukutanisha vinara viwili vya mishumaa kuwa msalaba na kumsukuma adui nyuma kwa ishara hiyo. Kasisi wa mwaka 1974 ni huyo wa pili. Huvaa deraya, hupigana, na kanuni zimempa jedwali maalumu: kwa kutupa dadu, huwafukuza wafu wanaotembea kulingana na cheo chake na nguvu zao. Tukio la dakika chache kwenye filamu limekuwa safu na namba.

Mfano wa pili unahitaji tahadhari zaidi. Katika utenzi wa Kiyunani wa Apollonius kuhusu safari ya Jason, meno ya joka yakipandwa huota mashujaa wenye silaha, watu hai watokao ardhini. Ray Harryhausen, fundi wa vinyago vya filamu, aliwageuza kuwa viunzi vya mifupa. Katika Jason and the Argonauts ya mwaka 1963, viunzi saba hupambana na watu watatu. Kila kiunzi kilikuwa kinyago kilichosogezwa kidogo na kupigwa picha, kikasogezwa tena na kupigwa picha tena, hata kazi ya tukio hilo moja ikachukua zaidi ya miezi minne. Kiunzi cha mwaka 1963 hakina nafsi, hakisemi, na humtii aliyekiita. Hizo ndizo sifa za kiunzi katika Dungeons & Dragons, ambamo kimekuwa adui wa kawaida wa wachezaji wanaoanza. Hii ni ishara ya undugu, si ithibati kama ile ya kasisi. (Katika filamu hiyohiyo jitu la shaba, Talos, huangushwa kwa kufunguliwa kizibo cha kisigino. Msomaji aliyelelewa na kisa cha Fumo Liyongo na sindano ya shaba kitovuni hatahitaji kufafanuliwa mantiki ya pigo la namna hiyo.)

Pana pia suala la umbo la hadithi. Sindbad wa masimulizi ni mfanyabiashara. Husafiri na mali, chombo huvunjika, huokoka kwa akili na kudura, hurudi Baghdad na kuwasimulia wageni wake. The 7th Voyage of Sinbad ya mwaka 1958, ambayo Harryhausen aliitengenezea mazimwi, ilimfanya nahodha mwenye upanga. Mchumba wake amepunguzwa kimo na mchawi Sokurah hata akatosha kiganjani. Dawa yake inahitaji ganda la yai la rukh. Baharia wa kutosha hawapatikani, kwa hiyo wanachukuliwa wafungwa gerezani. Kisha kuna kisiwa, jitu lenye jicho moja linalolinda hazina, pango, na joka lililofungwa mnyororo. Hakuna hata kipande kimoja cha mpangilio huo kilichomo katika safari ya saba ya Alfu Lela Ulela. Lakini kundi la watu wasioaminiana, wenye lengo moja, wakipita kutoka kwa mlinzi mmoja hadi mwingine kuelekea hazina, ndilo umbo la kikao cha mchezo wa mezani.

Vivyo hivyo The Thief of Bagdad ya mwaka 1940, ambamo kijana Abu, aliyeigizwa na Sabu mzaliwa wa India, anapanda sanamu kubwa hekaluni na kuing'oa johari iliyo kwenye paji la uso wake. Jalada la kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, lililochorwa na David Trampier, linaonyesha wezi wakilibandua jicho la johari katika sanamu kubwa.

4.0 Filamu inapopata jina

Hali ilibadilika baada ya Conan the Barbarian ya John Milius mwaka 1982. Mwaka 1984 kampuni ya TSR ilichapisha visa vya mchezo vya Conan, na mwaka 1985 ikatoa mchezo kamili wa jina hilo. Mshenzi shujaa, aliyekuwa ameelezwa na Gygax katika jarida la Dragon mwaka 1982, akaingizwa kitabuni mwaka 1985. Hayo yote yana mikataba, majalada na tarehe. Mtafiti huyapata bila taabu. Maoni yangu ni kwamba athari ya miaka ya 1980 inaonekana kubwa kuliko ile ya kabla ya 1974 kwa sababu tu ililipiwa leseni. Mtu aliyetazama filamu usiku kwenye televisheni hakutia saini popote.

5.0 Upande wetu wa bahari

Rukh hakuzaliwa Hollywood. Marco Polo alimweka katika visiwa vya kusini mwa Madagaska, na masimulizi ya mabaharia wa Bahari ya Hindi ndiyo yaliyolisha visa vya Sindbad. Edward Steere alichapisha ngano za Waswahili mwaka 1870, kisa cha Liyongo kikiwemo, na Alfu Lela Ulela ilipata tafsiri ya Kiswahili katika kipindi cha ukoloni wa Waingereza. Kwa hiyo tuna maandishi. Ila yaliyoandikwa ndiyo yale tu ambayo mmisionari au mwalimu aliona yanafaa kuandikwa.

Wakati huohuo ukanda huu umezalisha utanzu unaofanana na kazi ya mwamuzi wa mezani kuliko kitabu chochote. Nauzungumzia usimulizi wa filamu: Lufufu nchini Tanzania, VJ Jingo nchini Uganda, DJ Afro nchini Kenya, na wengine wengi wa vibanda vya video. Msimulizi wa aina hii hatafsiri mazungumzo tu. Humpa mhusika jina jipya, hueleza kwa nini mchawi amekasirika, hutabiri pigo linalokuja, hulinganisha ngome ya Ulaya na mtaa ambao hadhira inaujua. Filamu aliyoigusa si ileile tena. Ina mageuzi, na mageuzi ndiyo ambayo mhakiki wa matini huyatafuta.

Kazi hizo zilienea kwa kanda za VHS, kisha kwa diski. Nyingi zilitengenezwa bila ruhusa ya wenye hakimiliki, na hapo ndipo ugumu wa kisera ulipo: taasisi ya umma husita kuhifadhi kitu ambacho kisheria hakikupaswa kuwapo. Hivyo filamu isiyo na leseni haina kumbukumbu, kama ilivyokuwa Minnesota mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini kuhifadhi kwa ajili ya utafiti si kusambaza, na sheria za hakimiliki zinaweza kuzitenganisha shughuli hizo mbili kwa kifungu mahususi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi ya kulipeleka suala hili kwa nchi wanachama kwa pamoja, kwa kuwa kanda hazikuheshimu mipaka: simulizi ya Kiswahili iliweza kusikilizwa Bujumbura sawa na Mwanza.

Kwa upande wa ukutubi, ingizo la katalogi linahitaji nyuga ambazo fomu za sasa za filamu hazizitarajii: jina la msimulizi katika nafasi ya mtunzi, lugha na lahaja ya usimulizi, mahali uliporekodiwa, na kichwa ambacho hadhira iliitia filamu hiyo, ambacho mara nyingi si kile kilicho kwenye jalada. Utepe wa sumaku huchakaa hata usipochezwa. Kazi ianze na kanda zilizomo mikononi mwa wamiliki wa vibanda, na mahojiano na wasimulizi wenyewe yaende sambamba nayo, wakati bado wanakumbuka ni filamu ipi waliisimulia, mwaka gani, na walichokiongeza.