Meme zilianza kabla ya bando

Wasee, mnadhani meme zililetwa na bando? Uliza mzee yeyote hapa Ndhiwa kuhusu pakruok. Nyatiti inapigwa, mtu anatoa pesa, wimbo unasimamishwa, anajisifu au anamchoma mpinzani kwa maneno machache. Watu wanacheka. Ukichomwa, unatoa pesa na wewe, unajibu. Hiyo ni meme kabisa, ila haikuhitaji chaji.

Sasa cheki Zakayo. Mtoza ushuru wa Biblia, mfupi, juu ya mti. Ushuru ulipopanda 2023, Wakenya walimbandika Rais Ruto jina hilo, na Juni 2024 vijana wakajaa barabarani wakimwambia ashuke. Nani anakumbuka hotuba ya mbunge yeyote kuhusu ule Mswada wa Fedha? Mimi sikumbuki hata moja. Zakayo kila mtu alielewa, hadi nyanya yangu. Juni 26 Ruto akakataa kuutia sahihi.

Halafu utani ukaanza kuwa na bei. Desemba 2024 Kibet Bull, msanii wa zile picha za vivuli za kumchekesha Ruto, alitekwa, na ndugu yake pia akatekwa. Waliachiliwa Januari 2025.

Ikafika kwetu. Juni 7, 2025, mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa hapa Homa Bay kwa sababu ya posti ya X kuhusu naibu mkuu wa polisi, Eliud Lagat. Akasafirishwa hadi Nairobi. Kesho yake alikuwa maiti. Polisi walisema aligonga kichwa ukutani mwenyewe. Madaktari waliopasua mwili wakasema majeraha yale si ya mtu aliyejigonga.