Wanazuoni wa Andalusi na Asili ya Dhiki

Katika ilimu zilizostawi Andalusi zama za utawala wa Waislamu, ni chache zilizowafaa Wayahudi katika ibada yao kama ilimu ya kuchambua asili za maneno ya Kiebrania. Na mwenye kuifuatia tarikhi yake hukuta kwamba waliotukuka kwayo walikuwa, baadhi yao, watu waliong'olewa makwao, waliozisoma zaburi za wenye taabu hali wao wenyewe wamo taabuni.

Menahem ben Saruq, aliyetunga kamusi ya Kiebrania katika karne ya 10, alidhani kuwa maneno mengine yamejengwa juu ya herufi mbili tu, na mengine hata juu ya moja. Ndipo Judah Hayyuj, mzaliwa wa Fez aliyehamia Córdoba, akiwa amezitalii kanuni za nahau ya Kiarabu, akabainisha kwamba kitenzi cha Kiebrania nacho kina asili ya herufi tatu, na kwamba herufi dhaifu hufichika au kugeuka pasi na kutoka katika asili hiyo. Tangu hapo msomaji aliweza kuyakusanya maneno yaliyotawanyika katika Maandiko, akayatambua yaliyo ndugu na yasiyo ndugu.

Aliyeikamilisha kazi hiyo ni tabibu Abu al-Walid Marwan ibn Janah, ambaye Wayahudi humwita Jonah. Fitina ilipouangamiza mji wa Córdoba mwanzoni mwa karne ya 11, alihama mnamo mwaka 1012, na baada ya kutangatanga akatua Zaragoza, akaishi kwa utabibu na kuandika. Huko ghurubani ndiko alikotunga, kwa lugha ya Kiarabu, Kitab al-Usul, jina ambalo Mswahili hahitaji mkalimani wa kumfahamisha, kwani usuli na asili ni maneno yetu pia. Alizipanga asili za Kiebrania moja baada ya moja, na pale ambapo Maandiko hayakutosha kuidhihirisha maana, aliitafuta katika Kiarabu, akawajibu kwa hoja wale walioona ni makosa kulifafanua neno takatifu kwa lugha ya mataifa. Kitabu nacho kilipata mhajiri mwingine wa kukihudumia: Judah ibn Tibbon, mzaliwa wa Granada, aliyeihama Andalusi akakaa Lunel, kusini mwa Ufaransa, alikitia katika Kiebrania mwaka 1171, kwa faida ya ndugu zake wasiojua Kiarabu.

Matunda ya ilimu hiyo yanaonekana wazi katika Zaburi ya 107, inayowataja watu wa namna nne: waliopotea jangwani, wafungwa, wagonjwa, na mabaharia waliopatwa na tufani. Kila kundi linapomlilia Mungu, mshairi huirudia hali yao kwa maneno mawili, tsar na metsuka, nayo yote mawili yana maana ya ufinyu, ya mtu kubanwa hata asipate pa kugeukia. Hilo la pili ni ndugu wa neno la Kiarabu lililotupa sisi dhiki; hivyo nahodha wa pwani yetu anayesema yumo katika dhiki huitaja hali yake kwa neno la ukoo mmoja na lile la mabaharia wa Zaburi. Na katika Zaburi ya 118 mwenye kuomba anasimulia kuwa alimwita Mungu kutoka mahali pembamba, naye akamjibu kwa kumweka penye wasaa. Wayahudi wa jumuiya nyingi huisoma aya hiyo siku ya Mwaka Mpya wao, kabla ya kupulizwa baragumu la pembe ya kondoo, ambalo pumzi huingia kwenye tundu lake jembamba ikatokea upande uliopanuka.

Fundisho la maneno haya kwa mja aliyefikwa na mashaka ni kubwa. Ufinyu ni mahali anapopita, wala si hukumu ya kuwa ametupwa. Na maombi yaliyojibiwa ni yale yaliyotoka ndani ya ufinyu wenyewe, kabla ya njia kufunguka. Nasi husema baada ya dhiki faraja, na faraja asili yake ya Kiarabu ni kufunguka kwa kilichobana.

Lakini mapenzi ya mafumbo yasitupotoshe. Wako wafasiri waliolihusisha Mitsrayim, jina la Kiebrania la Misri, na huo huo ufinyu, kwa kuwa huko ndiko Wana wa Israeli walikotumikishwa. Mawaidha hayo ni mazuri, ila jina la Misri ni la kale na limeenea katika lugha nyingine za ukoo wa Kiebrania na Kiarabu, wala haijathibiti kuwa lilitokana na mateso ya watumwa. Ibn Janah alianza na ushahidi wa lugha, na huo ndio mwenendo wa amana: kwanza ijulikane asili ya neno kwa dalili, kisha moyo uizingatie.

Basi, ewe msomaji, utakapokutana na neno dhiki katika kitabu chako cha ibada, au litakapokutoka kinywani usiku wa mashaka, usilipite kwa haraka. Waliotufumbulia ndugu zake wa Kiebrania walikuwa wageni katika nchi za watu, na kazi yao ingali inasomwa leo. Tuisome nasi kwa adabu, na tuwafundishe wanetu asili za maneno wanayoombea.