Kuhesabu Chembe za Nuru

Ewe msomaji, ukiyafuata maji ya Mto Tana kutoka Hewani, mwisho utafika Kipini, ambapo mto huingia katika Ghuba ya Ungwana. Kusini ya ghuba hiyo, mbele ya Ngomeni, Wataliano walisimamisha baharini jukwaa la chuma liitwalo San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru wake, roketi iliruka hapo ikiwa imebeba satelaiti ya Marekani, nayo ikaitwa Uhuru.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kuhesabu chembe za eksirei zitokazo mbinguni, moja moja. Chembe ilipoingia katika kisanduku cha gesi ilibandua elektroni, na umeme wenye nguvu ukazizidisha hata zikawa alama ya kuhesabika. Hivyo zilipatikana asili 339 za miali hiyo, na Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Lakini iko nuru ya infraredi, jirani ya wekundu tuuonao, ambayo chembe yake haina hata sehemu moja katika 1,000 ya nguvu ya chembe zile. Nazi ikianguka juu ya bati, kijiji chote husikia. Unyoya ukianguka, nani atausikia?

Jibu lilianzia Uholanzi mwaka 1911, Heike Kamerlingh Onnes alipoona kwamba zebaki, ikipozwa hata nyuzi 269 chini ya sifuri, hupitisha umeme bila kizuizi. Mwaka 2001 Gregory Gol'tsman wa Moscow na wenzake waliunda waya wa niobi na naitrojeni, mwembamba kuliko unywele mara mamia. Waliupoza, wakapitisha umeme karibu na kikomo cha ustahimilivu wake. Chembe moja ya nuru ikiugusa, hali ile huvunjika mahali padogo, kizuizi hutokea, na alama huonekana. Kisha waya hupoa tena. Baadaye waya ulikunjwakunjwa, kama Tana katika nchi tambarare, ili nuru isipite kando.

Roketi ya mwisho iliondoka San Marco mwaka 1988. Bahari ilikuwa yetu na jina lilikuwa letu, lakini vyombo viliundwa ng'ambo. Wewe usomaye fizikia leo, usiridhike na jina tu. Haba na haba hujaza kibaba: anza kwa kutodharau kilicho kidogo.